Tom Jobim: Aliacha chuo, lakini hakuacha kusoma

Hebu fikiria hivi. Umepiga simu benki kuuliza kuhusu pesa zako, na badala ya kusikia mtu unawekewa muziki. Gitaa laini, halafu sauti ya mwanamke anayeimba kama mtu asiyetaka kumwamsha mtoto. Dakika kumi zinapita, hujasaidiwa, lakini kichwa chako kinatikisika polepole kufuata ule mdundo.

Wimbo huo unaujua, hata kama hujui kwamba unaujua. Kama hukuusikia kwenye simu, uliusikia ndani ya lifti, kwenye mkahawa wa watu wenye pesa au kwenye filamu fulani. Unaitwa "Garota de Ipanema", yaani msichana wa Ipanema, na ni miongoni mwa nyimbo zilizorekodiwa mara nyingi zaidi duniani. Aliyeutungia muziki ni jamaa wa Brazil aliyeacha chuo.

Sasa umeamka, sivyo? Hata mimi niliamka.

Niliacha chuo nikiwa mwaka wa pili. Karo ilikuwa sababu moja, nyingine ilikuwa mimi mwenyewe, tuyaache hayo. Tangu siku hiyo kila harusi na kila matanga hakukosi mjomba wa kuniuliza nitarudi lini. Kwa hivyo usiku nilikuwa nikitafuta mtandaoni watu mashuhuri walioacha chuo wakafaulu, kama mgonjwa anayetaka dawa bila kuonana na daktari. Majina yalikuwa yale yale ya mabilionea wa kompyuta. Ndipo nikakutana na Tom Jobim. Nilimfuata nikitafuta kisingizio, nikapata kitu kingine kabisa. Kaa hapo nikusimulie.

Jina lake kamili ni Antônio Carlos Brasileiro de Almeida Jobim. Alizaliwa Januari 25, 1927 mtaani Tijuca, Rio de Janeiro, na familia ikahamia Ipanema akiwa bado mdogo. Usifikirie Ipanema ya leo ya maghorofa na watalii. Wakati huo ulikuwa mtaa mtulivu wa ufuoni, wenye mchanga, ndege na milima ya msitu kwa mbali. Wazazi wake walitengana akiwa mchanga, na babake akafariki mwaka wa 1935, Tom akiwa na umri wa miaka 8. Mamake, Nilza, aliolewa tena na bwana aliyeitwa Celso da Frota Pessoa. Shika jina hilo la Celso, nitalirudia.

Mamake aliendesha shule pale Ipanema. Piano iliyoingia nyumbani ilikusudiwa dadake mdogo, Helena, lakini ni Tom aliyeng'ang'ania kuibonyeza. Mwalimu wake wa kwanza alikuwa Mjerumani, Hans-Joachim Koellreutter, mtu wa muziki wa kisasa kabisa wa Ulaya. Gitaa nalo halikuwa geni kwake, kwa kuwa jamaa zake walilipiga. Celso, ambaye hakuwa babake wa damu, ndiye aliyemtia moyo na kumgharimia masomo hayo.

Ulipofika wakati wa chuo, Tom alifanya kile ambacho mtoto wa familia nzuri alitarajiwa kufanya. Aliingia kusomea usanifu majengo. Alifanya kazi kidogo katika ofisi ya msanifu, akachora michoro, halafu akatoka chuoni hata mwaka wa kwanza haujaisha.

Hapa ndipo zile picha za motisha unazotumiwa kwenye simu huruka miaka kumi hivi. Upande wa kushoto wanakuonyesha kijana ameacha chuo, upande wa kulia anapigiwa makofi. Mimi nataka tukae pale katikati, maana katikati ndipo mimi niko sasa, na labda nawe pia.

Mwaka wa 1949 Tom alimuoa Thereza Hermanny, na mwaka uliofuata wakapata mtoto, Paulo. Nyumba ilikuwa ya kupanga. Ili alipe kodi, Tom alipiga piano kwenye vilabu vidogo vya usiku vya Copacabana, vyumba vyenye giza na moshi wa sigara ambapo walevi humpigia mpiga piano kelele awapigie wimbo wanaoutaka wao. Alirudi nyumbani alfajiri, watu wa kawaida wakienda kazini. Alipokumbuka miaka hiyo baadaye, aliisimulia kama mbio kati yake na kodi ya nyumba, na kodi ndiyo iliyokuwa mbele kila mara. Kama unaishi keja ya kupanga, sina haja ya kukueleza zaidi.

Mwaka wa 1952 alipata kazi ya mchana katika kampuni ya kurekodi ya Continental. Usidhani aliajiriwa kama nyota. Watunzi wengi wa samba hawakujua kuandika muziki. Walikuja na wimbo kichwani, wakauimba, na Tom akakaa na kalamu akiuweka kwenye karatasi ili wapiga ala waweze kuusoma. Nyimbo za watu wengine, zenye majina ya watu wengine. Alisaidia pia kupangia ala nyimbo hizo, na hapo akawa karibu na Radamés Gnattali, fundi mkubwa wa kupanga muziki wa Brazil wakati huo.

Nilipoisoma sehemu hii nilisimama kidogo. Huyu jamaa alikuwa ameacha chuo, lakini ona alichokuwa akifanya. Alikuwa amekwishafundishwa piano na walimu wakali. Usiku alijifunza watu wanapenda kusikia nini. Mchana alifungua nyimbo za wengine moja moja, akiona zimejengwaje, kama fundi anayefungua injini za kila aina ya gari. Chuo kilikuwa kimekwisha, ila masomo yalikuwa yakiendelea kila siku, tena bila cheti mwishoni.

Kuna mtu mwingine ambaye lazima umjue, kwa sababu picha za motisha hazimtaji kamwe. Anaitwa Newton Mendonça. Alizaliwa mwaka huo huo wa 1927 na walikuwa marafiki tangu utotoni Ipanema. Naye alikuwa mpiga piano wa vilabu vya usiku. Wawili hawa walikaa kwenye piano moja wakatunga "Desafinado" na "Samba de Uma Nota Só", nyimbo mbili ambazo mpaka leo kila mpiga gitaa wa jazz hujifunza. Hiyo ya pili ni ya ajabu. Sauti inashikilia noti moja tu kwa muda mrefu huku noti za chini yake zikibadilika, na wewe msikilizaji huchoki. Tom alipata ile kazi ya mchana. Newton alibaki kwenye kazi ya usiku. Nitarudi kwake.

Mwaka wa 1956 mambo yalianza kusonga. Vinicius de Moraes, mshairi aliyekuwa pia mwanadiplomasia, alikuwa ameandika tamthilia iliyochukua ngano ya Kigiriki ya Orfeo na kuileta kwenye vitongoji vya mlimani Rio, wahusika wakiwa watu Weusi. Alihitaji mtunzi wa muziki. Rafiki yao Lúcio Rangel alimkutanisha na Tom katika baa ya Villarino, katikati ya jiji. Vinicius akaeleza ndoto yake kubwa ya sanaa. Tom, baba wa mtoto mmoja na mpangaji wa nyumba, akauliza kama kuna pesa kidogo katika hiyo kazi. Rangel aliona aibu mpaka akamkemea.

Mimi napenda sana hapo. Watu hutuambia msanii wa kweli haulizi pesa. Tom aliuliza, na bado akatunga muziki uliodumu.

Tamthilia ilifunguliwa Septemba 25, 1956 katika Theatro Municipal, jumba kubwa kabisa la maonyesho mjini Rio. Na unajua ni nani aliyebuni jukwaa? Oscar Niemeyer, msanifu majengo maarufu kuliko wote Brazil. Kijana aliyekimbia usanifu majengo akajikuta jina lake liko kwenye kazi moja na bingwa wa fani ile ile aliyoikimbia. Miaka mitatu baadaye hadithi hiyo ikawa filamu, "Orfeu Negro", iliyoshinda tuzo kuu ya Cannes mwaka wa 1959, kisha Oscar ya filamu bora ya lugha ya kigeni.

Lakini bossa nova yenyewe ilikuwa bado haijazaliwa. Ilikosa gitaa.

Gitaa hilo lilikuja na João Gilberto, kijana wa Juazeiro, jimbo la Bahia. Alikuwa amefika Rio kuimba na kikundi kimoja, wakamfukuza kwa kukosa mazoezi na maonyesho. Akatangatanga, akaishia kwa dadake katika mji wa Diamantina, jimbo la Minas Gerais. Huko alijifungia bafuni na gitaa miezi na miezi, kwa sababu vigae vya bafu vilimrudishia sauti vizuri. Aliporudi Rio mwaka wa 1957 na kumpigia Tom gitaa lake, Tom alitambua mara moja kwamba kitu alichokuwa akikitafuta ndicho hicho.

Ni kitu gani hasa? Ngoja nikueleze polepole.

Chukua gitaa kavu lenye nyuzi za nailoni, lisilo na umeme. Kidole gumba kinapiga besi, taratibu, bila kuchoka, kama surdo, ile ngoma kubwa ya samba. Vidole vingine vitatu vinavuta nyuzi kwa pamoja na kuangukia mahali usipotarajia, kabla kidogo ya pigo au baada yake, kama kingoma kidogo kiitwacho tamborim. Yaani kikosi kizima cha ngoma za kanivali kimekunjwa kikatiwa ndani ya gitaa moja. Juu yake sauti inaimba kwa kunong'ona, bila madoido wala kutetemeka. Mara inatangulia gitaa, mara inachelewa, halafu zinakutana tena kama watu wawili wanaotembea pamoja bila kushikana mikono. Na chini ya hayo yote ziko noti za Tom, zinazokaa pamoja kwa namna alizozijifunza kwa Debussy, kwa Chopin na kwa muziki wa jazz.

Kabla ya hapo nyota wa redio Brazil alikuwa yule mwenye sauti ya kujaza ukumbi. Hawa walikuja wakanong'ona, wakaiachia maikrofoni kazi ya kufikisha sauti. Muziki ulitoka uwanjani ukaingia sebuleni, kwenye vyumba vya ghorofa ambako jirani analala upande wa pili wa ukuta. Mtu anayepiga kelele unaweza kumsikia bila kumsikiliza. Anayenong'ona inabidi umsogelee. Nadhani mvuto wa bossa nova uko hapo.

Julai 1958 João alirekodi "Chega de Saudade", wimbo wa Tom na Vinicius, Tom akiwa mpangaji wa muziki. João alitaka maikrofoni mbili, moja ya sauti na moja ya gitaa, jambo ambalo halikuwa kawaida, na kila kosa dogo akataka kuanza upya. Tom alikuwa mpatanishi kati yake na watu wa studio. Wimbo wenyewe ni mfupi, hauzidi dakika mbili hivi, lakini vijana wengi wa Brazil waliousikia walitoka wakatafuta magitaa.

Tuwe wakweli pia. Mizizi ya muziki huu ni samba, na samba ilijengwa na watu Weusi wa Rio, wengi wao maskini. Waliovuna zaidi kutoka kwa bossa nova walikuwa vijana wa ufuoni, wengi wao weupe na wenye nafasi. Tangu siku za mwanzo wapo Wabrazil waliowakosoa kwa hilo, na ukosoaji huo una haki yake. Tom mwenyewe ana deni kwa wale watunzi waliomuimbia pale Continental.

Sasa turudi kwa Newton. Novemba 1960 moyo wake ulisimama. Alikuwa na umri wa miaka 33.

Miaka miwili tu baadaye, mpiga saksafoni Stan Getz na mpiga gitaa Charlie Byrd walitoa albamu "Jazz Samba" nchini Marekani, wimbo wake wa kwanza ukiwa "Desafinado", na Wamarekani wakaupenda kama wazimu. Novemba 21, 1962 Wabrazil wenyewe walipanda jukwaa la Carnegie Hall, New York. Tom aliogopa ndege na karibu asiende, lakini alienda. Machi 1963 Getz na João Gilberto walirekodi albamu yao, Tom akiwa kwenye piano, na mke wa João wakati huo, Astrud, akaimba kwa Kiingereza. Ni sauti yake unayoisikia unapongoja kwenye simu. Mwaka wa 1965 albamu hiyo ilishinda Grammy ya albamu ya mwaka, na "Garota de Ipanema" ikashinda ile ya rekodi ya mwaka.

Newton hakuona hata kimoja kati ya hivyo. Rafiki mmoja, piano moja, nyimbo zile zile. Ndiyo maana siwezi kukuandikia hapa kwamba ukiwa na kipaji na ukajituma basi utafika. Newton alikuwa navyo vyote viwili. Tom alikuwa navyo, halafu akawa na Celso, akawa na kazi ya mchana, akawa na afya. Anayekwambia uache chuo kwa sababu fulani aliacha akafaulu, muulize kwanza huyo fulani alikuwa na nani nyuma yake.

Mwaka wa 1967 Tom alirekodi na Frank Sinatra, sauti kubwa kuliko zote Marekani wakati huo. Simu ya Sinatra ilimkuta kwenye baa yake ya kawaida Ipanema. Sinatra hakutaka piano, alitaka Tom apige gitaa. Tom hakufurahia sana, kwa sababu Wamarekani walimwona kila mtu wa Amerika Kusini kama kijana mrembo mwenye gitaa, naye alijihesabu mpiga piano. Lakini alilipiga. Sikiliza albamu hiyo uone jinsi Sinatra anavyoshusha sauti yake mpaka karibu iwe mnong'ono. Ni yeye aliyemfuata Tom kule chini.

Usidhani nyumbani alipokewa kwa maua kila mara. Mwaka wa 1964 wanajeshi walikuwa wamepindua serikali ya Brazil. Septemba 1968, katika tamasha la nyimbo kwenye ukumbi wa Maracanãzinho, wimbo wa Tom na kijana Chico Buarque, "Sabiá", ulitangazwa mshindi. Maelfu ya watu waliujaza ukumbi kwa zomeo. Walitaka ushindi uende kwa wimbo wa Geraldo Vandré ulioupinga utawala waziwazi. "Sabiá" ni wimbo mtulivu wa mtu aliye mbali anayetamani kurudi kwao, na usiku ule utulivu ulionekana woga. Lakini Desemba mwaka huo huo jeshi lilitoa amri kali iliyofunga midomo na kulifunga bunge, na punde Chico na Vandré wote wawili walikuwa nje ya nchi yao. Wimbo uliozomewa ukawa unawasema wao.

Tom aliendelea kuandika. Mwaka wa 1972 akatoa "Águas de Março", kuhusu mvua za Machi, uliojengwa kwa vitu vidogo vidogo vinavyotajwa kimoja baada ya kingine, na mwaka wa 1974 akaurekodi na Elis Regina. Albamu zake za miaka iliyofuata zimejaa ndege, mito na msitu wa pwani ya Brazil uliokuwa ukikatwa. Alikuwa akiupigia kelele msitu huo kabla ya wengi kuona kuna shida.

Alifariki Desemba 8, 1994 mjini New York, alikokuwa akitibiwa saratani ya kibofu, akiwa na umri wa miaka 67. Alizikwa Rio. Leo ukishuka kwenye uwanja mkubwa wa ndege wa jiji hilo, unashuka kwenye uwanja wenye jina lake, yeye aliyeogopa ndege. Na mwaka wa 2016, kikaragosi rasmi cha Olimpiki kiliitwa Vinicius, na cha Paralimpiki kikaitwa Tom.

Sikwambii uache chuo. Sikwambii urudi pia, maana mimi mwenyewe bado sijaamua. Ila kwa sasa kodi yangu hutokana na kuwaandikia watu maelezo ya bidhaa zao mtandaoni. Viatu, mafuta ya nywele, masufuria. Jina langu halionekani popote, na nilikuwa nikiona haya hata kuitaja kazi hiyo. Siku hizi, nikimaliza kuandika, narudi naisoma tena polepole nione ni sentensi gani iliyomfanya mtu anunue, na kwa nini.

Leo usiku vaa earphone zako, utafute "Chega de Saudade" ya João Gilberto ya mwaka wa 1958. Mara ya kwanza fuata sauti. Mara ya pili iache sauti, fuata kidole gumba peke yake. Halafu tafuta "Desafinado", na uangalie majina ya watunzi. Yako mawili. Lisome hilo la pili pia.